Tairi Mpya, Usukani wa Zamani

Mwaka 1990 Mahakama Kuu jijini London ilisikiliza kesi ya gari la Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wamepatana pauni milioni 10, kisha mnunuzi akagoma: sehemu nyingi mno zimebadilishwa, gari hili silo lile. Jaji Otton aliamua kwamba ndilo. Vyuma vilibadilika kidogo kidogo, lakini historia yake haikukatika.

Ugomvi huo ni wa kale. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya Theseus, wakitoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, huku wanafalsafa wakibishana kama bado ni ileile. Tangu hapo watu wanahesabu mbao. Wanasahau kwamba mbao zinategemeana.

Tairi zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Raba huzeeka na kupasuka, kwa hiyo hakuna anayedai gari la zamani litembelee tairi lilizozaliwa nazo. Hata hivyo, kitu hicho ambacho hakihesabiwi ndicho kinachoweza kulibadili gari tabia kuliko injini mpya.

Ford Mustang ya 1965 ilibuniwa kwa tairi zenye nyuzi zilizopishana kimshazari, safu juu ya safu. Ubavu wa tairi hizo ni mgumu. Gari likilala usiku kucha, asubuhi hudundadunda mwendo wa kwanza, kwa sababu sehemu iliyokalia sakafu imebonyea na raba haijapata joto. Leo wengi huivalisha radiali, zenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Michelin walisajili hataza yake mwaka 1946. Zinashika barabara vizuri zaidi, lakini dereva anaweza kushangaa: gari linatangatanga, na baada ya kona usukani hautaki kurudi katikati wenyewe.

Sababu mojawapo ni pembe ya mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Foki ya baiskeli imelazwa nyuma kidogo, na hilo ni sehemu ya sababu mtoto anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Magari mengi ya Marekani ya wakati ule yaliwekewa pembe hiyo karibu na sifuri ili usukani uwe mwepesi. Kwa radiali, mafundi huilaza nyuma zaidi, digrii 2 au 3. Kinyume chake, Citroën DS ya 1955, iliyotoka wakati Citroën iko mikononi mwa Michelin, ilivaa radiali tangu mwanzo. Gari na tairi vilikua pamoja.

Hapo ndipo swali linapouma. Mwenye Mustang anayevalisha radiali na kukataa kugusa pembe, eti namba ni za kiwanda, anashika herufi na kuiacha nia. Wanazuoni wa dini wamebishana juu ya hilo karne nyingi. Namba ile ilikuwa jibu kwa tairi ambazo hazipo tena. Mhandisi aliyeiandika alitaka gari linyooke, na anayeibadili kwa sababu hiyo anamtii zaidi.

Utii huo una mipaka. Tairodi (fimbo ya usukani) iliyochoka haiponywi na pembe. Kufunga radiali mbele na tairi za zamani nyuma ni hatari kabisa, kwani nyuma huweza kuteleza kwenye kona kabla ya mbele. Uingereza sheria inakataza. Nao Mkataba wa Turin wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unataka mabadiliko yaheshimu umbo la asili na, ikiwezekana, yaweze kurudishwa.

Haya yanarudishika. Kwenye Mustang ya 1965 pembe hurekebishwa kwa vibati vyembamba kwenye boliti za mkono wa juu wa gurudumu. Vile vya awali vikiwekwa kwenye kopo, kila kimoja kimeandikwa kushoto au kulia, mbele au nyuma, mwenye gari ajaye atajua lilipoanzia.