Iheshimuni Pampu Ndogo

Ndugu zangu wenye malori, nanyi madereva, utingo na mafundi, nawasihi mnisikilize. Nataka kusema habari ya kifaa ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku gari linapokata pumzi katikati ya mlima. Nasema pampu ndogo, ile inayovuta dizeli tankini, ikaipitisha kwenye chujio na kuifikisha kwa pampu kubwa ya nozeli. Neno langu la leo ni hili, lishikeni: pampu kubwa haifi ovyo. Huuawa. Huuawa na uchafu, huuawa na maji, huuawa na njaa. Uchafu na maji mnavijua, na kila fundi amewahi kuwaonya. Mimi leo nahubiri juu ya njaa.

Fikirini kazi ya kifaa hiki. Injini ya nguvu za farasi 400 ikivuta kwa uwezo wake wote huchoma karibu lita 70 za dizeli kwa saa. Pampu ndogo inatakiwa ilete hizo na ziada juu yake, kwa sababu si mafuta yote yanayofika kwenye pampu kubwa huchomwa. Mengine hurudi tankini yakiwa yamebeba joto. Kwenye pampu za mzunguko na kwenye mifumo ya komoni reli, dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani, na ndiyo inayovipooza. Vyuma hivyo vimesuguliwa vikakaribiana hata unywele haupiti. Dizeli ikipungua, chuma hukutana na chuma. Mpishi wa shughuli awe hodari namna gani, mchota maji asiporudi kutoka kisimani pilau litaungua, na lawama zote zitamwangukia mpishi. Ndivyo tunavyoitendea pampu kubwa. Tunaifungua, tunaipeleka kwa fundi pampu, tunalipa, tunairudisha, na mkosaji mwenyewe tunamwacha pale pale alipo, aje aiue na ya pili.

Nawaletea ushahidi kutoka mbali, maana ni ushahidi uliolipiwa kwa fedha za watu wengi. Huko Marekani, kuanzia katikati ya mwaka 1998 hadi 2002, kampuni ya Dodge iliuza pikapu za Ram zenye injini ya dizeli ya Cummins, lita 5.9, valvu 24. Injini ile ni ngumu, na hadi leo inasifiwa. Pampu yake kubwa ilikuwa Bosch VP44, ya mzunguko, yenye kompyuta yake mgongoni, na dizeli iliyopita ndani ndiyo iliyoipooza. Lakini pampu ndogo, ya umeme, ilifungwa ubavuni mwa injini. Pampu za umeme za aina ile husukuma vizuri kuliko zinavyovuta, na hii iliwekwa mbali na tanki, kwenye joto na mtikisiko, ikalazimishwa kuvuta mafuta kwa bomba refu. Zikaanza kufa.

Tazameni ubaya wa kifo chake. Pampu ndogo ilipokufa, gari halikusimama. Pampu kubwa iliweza kujivutia mafuta ya kutosha kulisogeza gari, hivyo mwenyewe aliendelea na safari zake, hajui kwamba kila kilometa anakausha chombo ambacho kukinunua upya ni zaidi ya dola 1,000. Kwenye dashibodi hapakuwa na geji ya presha ya dizeli. Siku VP44 ilipokatika, wako waliofunga VP44 nyingine mbele ya pampu ndogo ile ile iliyokufa. Nayo ikafa.

Wokovu wao ulianzia kwenye geji. Walipoanza kupima, ndipo walipoona presha inavyoporomoka gari likiwa na mzigo. Wenye magari yale wakashika kanuni moja: presha isishuke chini ya psi 10 wakati injini inavuta. Kisha watengenezaji wengine, ambao hawakuunda gari lile, wakaleta pampu zinazofungwa kwenye chesisi karibu na tanki, zenye vichujio vyake na namna ya kutenga maji na hewa. Majina ya FASS na AirDog yalijulikana kwa kazi hiyo. Mmeliona funzo? Pampu iliyotoka kiwandani pamoja na gari ndiyo iliyoiangusha pampu kubwa, na pampu ya kampuni nyingine ndiyo iliyoiokoa. Basi asiwadanganye mtu kwamba spea yenye jina la mwenye gari ni kinga ya kila baya, wala asiwadanganye kwamba spea za kampuni nyingine zote ni takataka. Boksi husema linachotaka. Geji haina undugu na mwenye duka.

Sasa turudi barabarani kwetu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na tela lake kufikia uzito wa jumla wa tani 56. Chukueni mzigo huo mpande nao mlima wa Kitonga. Hapo ndipo pampu ndogo inapohojiwa. Gereji gari linanguruma vizuri, tambarare linakimbia, likifika Kitonga linaanza kukohoa, nguvu zinakwisha, dereva anashusha gia mpaka hana nyingine ya kushusha. Fundi wa njiani anachungulia na kutoa hukumu: pampu hiyo, badilisha. Ndugu zangu, msiihukumu pampu bila kuipima! Badilisheni kwanza chujio. Fungueni kifuniko cha tanki msikilize. Likivuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba, na hakuna pampu duniani itakayolishinda tanki lililozibwa pumzi. Fungeni kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuvutia mafuta. Mkiona mapovu yanapita, kuna mpira uliopasuka au jointi inayoingiza hewa. Safisheni kichujio kidogo cha waya kilicho mdomoni mwa pampu, kama kipo. Hayo yote yakiwa sawa, fungeni geji kati ya chujio na pampu kubwa, pakieni mzigo, pandeni mlima, someni. Kiwango mnachokitafuta kimeandikwa kwenye kitabu cha injini yenu. Presha ikishuka chini yake huku mguu umekanyaga mpaka chini, hapo mmepata haki ya kwenda dukani.

Na mkifika dukani msianze na bei. Anzeni na namba. Nendeni na pampu ya zamani mkononi, na namba ya pampu kubwa mmeiandika, kwa maana malori mengi yametufikia yakiwa yameshatumika, na injini iliyomo huenda siyo iliyozaliwa na gari. Pampu mbili zinaweza kufanana sura na matundu ya bolti, zikatofautiana kwa kiasi cha mafuta zinacholeta. Inayoleta pungufu itaingia mahali pake bila ubishi, itawasha gari bila ubishi, kisha itawaangusha mlimani.

Namba ikipatana, ulizeni aliyeitengeneza. Waunda malori hawafinyangi kila kipande kwa mikono yao. Bosch alianza kutoa pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na mpaka leo yeye na wenzake kama Denso huwauzia waunda magari, kisha huuza na kwa majina yao wenyewe. Pampu iliyo kwenye boksi la aliyeitengeneza mara nyingi ni nafuu kuliko iliyo kwenye boksi la aliyeunda lori. Lakini jueni pia kwamba jina linaloheshimika ndilo linaloigwa. Linganisheni namba ya boksi na namba iliyochongwa kwenye chuma. Takeni risiti yenye namba hiyo. Muuzaji anayekataa kuiandika, au anayesema kikishatoka dukani hakirudi, amekwisha kuwaambia ukweli kuhusu bidhaa yake. Mshukuruni, mwondoke.

Kisha tumieni mikono yenu, maana mkono haudanganywi na rangi. Chukua pampu ya kimakanika yenye pampu ya mkono, ilowanishe ndani kwa dizeli safi. Ziba tundu la kuingizia mafuta kwa kidole gumba, halafu vuta na kusukuma kichwa cha pampu ya mkono mara kadhaa. Pampu nzima itakinyonya kidole, na ukiacha kuvuta itaendelea kukishika. Ikikiachia papo hapo, valvu zake hazikai. Bonyeza kijiti kinachosukuma pistoni: kirudi chenyewe, wala kisikwame katikati. Pitisha ukucha kwenye uso unaokutana na gasketi. Ukinasa kwenye mkwaruzo, hapo ndipo itakapovuja. Na kijiti hicho mkichunge sana. Kwenye pampu zinazolainishwa kwa oili ya injini, kikilegea dizeli hupenya kuingia kwenye oili. Ukichomoa stiki unakuta oili imepanda badala ya kupungua, nyepesi, inanuka dizeli. Ukifika hapo huuguzi pampu tena. Unauguza injini nzima.

Ulizeni pia kama sili, valvu na springi zake zinauzwa peke yake, na kama zinapatikana kwenye njia mnayopita. Pampu nzuri ambayo sili yake haipatikani mpaka iagizwe ng'ambo itawalaza Tunduma siku nyingi kwa ajili ya kipande cha mpira. Uimara wa spea ni pamoja na urahisi wa kuitibu.

Wako wanaotaka kufunga pampu ya umeme. Siwakatazi, nawaonya. Malori mengi ya Japani na ya Ulaya yanatumia volti 24, pikapu nyingi volti 12; someni kabla ya kulipa. Takeni pampu iliyoundwa kufanya kazi mfululizo. Ifungwe karibu na tanki, chini, ili isukume badala ya kuhangaika kuvuta. Umeme wake upite kwenye relei na fyuzi, kwa waya mnene, kwa sababu waya mwembamba huila volti njiani na pampu nzima ikaonekana mbovu. Iwe na njia ya kuzimika injini inapozimika, ili ajali isije ikamwaga dizeli barabarani. Ulizeni swali ambalo wachache huliuliza: pampu hii ikifa, je, injini itaweza kuvuta mafuta kupitia humo mpaka nifike mji wa karibu? Wala msizidishe presha kwa tamaa. Presha inayozidi kipimo hupasua sili, na pampu kubwa iliyoundwa kujivutia mafuta haitawashukuru kwa kusukumiwa kwa nguvu. Fuateni kitabu.

Na hata mkichagua vema, mtaiua mkiilisha sumu. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa hatukuusikia kwa jirani. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuuvunja, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Dereva anayejaza mafuta ya madumu ya kando ya barabara ili abaki na chenji anauza pampu mbili kwa bei ya soda. Hilo lazima lisemwe.

Wewe tajiri wa malori, unayeuliza bei kabla ya kuuliza namba, piga hesabu yako upya. Weka upande mmoja tofauti ya bei kati ya pampu ya kuaminika na ile ya kubahatisha. Weka upande wa pili pampu kubwa, nozeli, gari la kuvuta, mzigo uliochelewa na mteja aliyehamia kwa mwingine. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu huo ni wako. Wewe dereva, gari likipoteza nguvu usilifiche ukalisukuma hadi mwisho wa safari kwa kuogopa kugombezwa. Sema siku ile ile, andika ni wapi na kwa gia gani. Wewe fundi, bosi wako hajui tofauti ya valvu inayokaa na isiyokaa, na kutojua kwake si shamba lako la kuvuna. Mpimie, mwonyeshe geji kwa macho yake, na pampu ya zamani umkabidhi mkononi. Wewe mwenye duka, ukiuza feki ukijua ni feki, kumbuka kwamba nyuma ya lori linalozimika mlimani na kuanza kurudi kinyumenyume kuna basi lenye abiria.

Ndugu zangu, sikuwaomba jambo lisilowezekana. Geji ya presha ya mafuta na kiungo chake ni vitu vidogo, fundi yeyote makini anajua kuvifunga. Pimeni kabla ya kununua. Nunueni kwa namba, kwa mtengenezaji anayejulikana, kwa muuzaji anayeandika risiti. Fungeni, kisha pimeni tena gari likiwa na mzigo, na geji iachwe pale pale mahali dereva anapoiona. Msingoje lizimike. Wiki hii, kabla hamjapakia tena, kapimeni.