Mgonjwa wa Moyo na Wauza Matumaini



Nilikwenda Ngara kuhani msiba. Baada ya swala ya Alasiri mzee mmoja akanivuta pembeni. Mishipa ya moyo wake imeziba, vidonge amemeza vya kila aina, hata Bugando amekwenda, lakini kifua bado kinambana akipanda kilima kwenda msikitini. Mwanawe aliyeko Biharamulo amesikia kuwa kuna hospitali ng'ambo inatibu kwa seli shina. Wanataka kuuza shamba la migomba. Akaniuliza: "Mwanangu, ni halali?"

Nilimwambia hapo pana maswali mawili. La kwanza ni matibabu yenyewe. Seli shina ni seli changa. Kwa maradhi haya huchujwa katika damu ya mgonjwa mwenyewe, kisha hudungwa kwenye msuli wa moyo ili vijishipa vipya viote. Mwaka 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu seli zinazopatikana kwa njia halali, zikiwemo za mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika. Na kutawakali hakumzuii Muislamu kutafuta dawa.

La pili ndilo zito: anauziwa nini? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 167, ulionyesha maumivu yamepungua. Lakini hata waliodungwa maji yasiyo na seli walipata nafuu! Uliofuata ulikusudia wagonjwa 444, ukasimamishwa wakiwa 112 tu, kwa sababu ya fedha. Kwa hiyo jambo bado halijathibiti.

Mwaka huohuo wa 2011 tuliona ya Samunge, Loliondo. Maelfu walipanga foleni ya kikombe, wengi wakasema wamepona, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kile kikombe kilikuwa shilingi 500. Hiki kinataka shamba zima.

Mtafiti mkweli humwambia mgonjwa wazi kuwa hana hakika. Anayetoza fedha huku akiapa kuwa utapona, huyo anafanya ghushi, nayo ni haramu hata ikivaa koti jeupe.

"Basi nikae nisubiri kufa?" aliuliza mzee. Swali lile lilinichoma. Hapana. Arudi kwa daktari wake, aombe rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini nauli ataitoa wapi?

Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi wa mijini. Tunachangia minara na mazulia. Je, ni misikiti mingapi ina mfuko wa wagonjwa? Tukimwacha mzee huyu peke yake, tusishangae akinunuliwa na muongo.

Wallahu a'lam.