Presha ya Nani?

Mashine ya kufua ikikataa kujaa maji, mafundi karibu wote huanza mahali pamoja. Mfereji umefunguliwa? Mpira umejikunja kule nyuma? Mlango umefungwa sawasawa? Halafu wanaufungua mpira pale unapoingilia kwenye mashine na kuchomoa kichujio kidogo cha wavu ambacho wengi wetu hatujui hata kama kipo. Mahali ambapo maji huja na mchanga, wavu huo huziba mapema. Ukiuosha, mara nyingi kesi imeisha.

Kesi ninayotaka kuizungumzia ni ile isiyoishia hapo. Stima ipo, wavu ni msafi, mashine inanguruma kidogo, inangoja dakika kadhaa, kisha inaleta alama ya hitilafu na kunyamaza. Binamu yangu alimnunulia mama yake mashine Nairobi, ikapanda gari kupitia Maua hadi Kinna, na ilipofika ikafanya hivyo hivyo. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inadai presha.

Kwenye mashine nyingi za kiotomatiki, valvu inayoingiza maji haifunguki kwa stima peke yake. Stima inafungua tundu dogo tu, halafu nguvu ya maji yenyewe ndiyo inayomalizia kazi. Ndiyo maana huandikiwa kiwango cha chini cha presha, na kwa nyingi ni bar 0.5 au karibu na hapo. Ili upate bar moja, maji yanahitaji kushuka kutoka kimo cha mita 10. Kwa hiyo bar 0.5 ni tangi lililoinuliwa mita 5 juu ya mashine. Tangi lililowekwa kwenye jukwaa la mita 2, kama yalivyo mengi uani, linatoa bar 0.2. Waliotengeneza mashine ile walikuwa wakifikiria mji wenye bomba lisilokatika. Kinna hawakuifikiria.

Kwenye grupu la familia jibu lilikuja haraka: wekeni pampu kwenye bomba, yaishe. Hapo ndipo swali la fundi lilipogeuka kuwa swali la maadili, ingawa hakuna aliyelitangaza.

Maana pampu haizai maji. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bomba la wote, inachofanya ni kuvuta yale ambayo yangefika kwa mwingine. Mfereji wa jirani unakohoa hewa, halafu unakauka. Bomba likiwa na ufa mahali, mvuto huo unaweza hata kuingiza maji machafu ya nje, na uchafu huo hauchagui nyumba. Sisi wa Nairobi hadithi hii tunaijua. Ploti moja inaweka pampu, ya pili inaweka kubwa zaidi, na mwishowe mtaa mzima una pampu, hakuna aliyeongeza hata tone, na kilichopanda ni bili ya stima tu.

Lakini kosa liko wapi hasa? Mwaka 1689 Mwingereza John Locke aliandika kwamba maji ya chemchemi ni ya watu wote, ila yakishaingia kwenye mtungi ni ya aliyeyateka, kwa sababu ametia kazi yake. Aliweka sharti: wengine wabakiwe na ya kutosha, mazuri vilevile. Watu hukumbuka mtungi, wakasahau sharti. Na hata huo mtungi una shida siku hizi. Anayebonyeza swichi ametia kazi gani? Tukisema kazi ni ile pesa aliyonunulia pampu, basi tumekubali kwamba mwenye pesa anamiliki maji kabla hayajafika kwake.

Waborana wana jibu la zamani zaidi, na si la kinadharia. Kwenye visima vyao virefu vya kusini mwa Ethiopia, vinavyoitwa tula, watu hujipanga mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba. Aliyekichimba kisima ana heshima yake, anaitwa konfi, na kwenye foleni ya kunywesha mifugo ana nafasi ya mbele. Ila zamu yenyewe inasimamiwa na mtu mwingine, abba herega, na mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Yaani kazi inakupa nafasi kwenye mstari. Haikupi ruhusa ya kuufuta mstari. Waborana wengi wa Isiolo ni wajukuu wa watu waliohamishwa kutoka Wajir na Waingereza miaka ya 1930, na adabu hii walihama nayo. Nao ni Waislamu, kwa hiyo wanaijua pia hadithi ya Mtume kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Hiyo ni haki ya kuidai serikali, na tuidai. Kuhusu mpira wangu na mfereji wako, haisemi kitu.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sina haraka ya kumwambia shangazi arudi kwenye beseni. Ni rahisi mno, ukiwa umekaa Kilimani na mama fua wako anakuja Jumamosi, kuandika insha tamu kuhusu hekima ya visima. Mablanketi ya watu sita yakilowa yana uzito wa kuvunja mgongo, na mgongo unaovunjika karibu kila mara ni wa mwanamke. Kupumzika ni hitaji halisi, si uzungu. Wala mashine si mlafi kama inavyodhaniwa: ile ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 kwa zamu moja, mitungi miwili na nusu, na ukisuuza mara tatu kwenye beseni kubwa unafika hapo hapo. Kwa hiyo kiasi si hoja yangu. Hoja yangu ni namna yanavyopatikana.

Kumbe jibu la fundi mzuri na jibu la jirani mzuri ni moja. Tangi linakaa chini, linajazwa na bomba kwa kasi ambayo bomba lenyewe linatoa, kisha pampu ndogo inawekwa kati ya tangi na mashine. Pampu ni ile ile. Tofauti ni pale unapouweka mdomo wake. Ikivuta kupita kiasi, kinachokauka ni tangi lako.

Hata hapo kuna ujanja. Tangi la lita 5,000 lililoachiwa mfereji wazi usiku kucha ni pampu iendayo polepole. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa Kenya, na katika miezi kama ile tangi kubwa uani linamzungumzia mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Shangazi alichukua la lita 500. Fundi alipokuwa akifunga mabomba, alimuuliza swali moja tu: “Mwanangu, hii ikivuta, kwa mama wa hapo jirani maji yatakatika?” Akaonyeshwa pampu inakovuta, akaridhika. Mablanketi na sare za shule huingia kwenye mashine. Tangi likishuka chini ya nusu, mashine inafunikwa leso, na beseni linatolewa nje.