Kelele, Muziki na Usingizi wa Jirani

Watetezi wa muziki mpya wana hoja moja waipendayo kuliko zote. Husema kwamba usiku wa tarehe 29 Mei 1913, katika jumba la Champs-Élysées mjini Paris, watazamaji walicheka, wakazomea na kutukanana, baleti ya Igor Stravinsky ya kafara ya masika ilipochezwa kwa mara ya kwanza, hata wachezaji wasiweze kuzisikia ala. Mwaka uliofuata muziki ule ule ulipigwa katika mji ule ule bila wachezaji, na mtungaji akabebwa mabegani. Basi, huendelea watetezi hao, mkazi wa Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa wilayani Temeke, aiitaye singeli kelele, ni ndugu wa wazomeaji wa Paris, na wakati utamwaibisha kama ulivyowaaibisha wao.

Hoja hii ni tamu lakini inachechemea, kwa kuwa imefunga maswali mawili katika kitita kimoja. Swali la kwanza ni kama singeli ni sanaa. La pili ni kama jirani ana wajibu wa kuisikia.

La kwanza halina uzito mkubwa. Singeli haikushuka kutoka mawinguni. Imetanguliwa na mchiriku, ambao wapigaji wake walitwaa kinanda kidogo cha umeme, kilicho karibu na kitu cha kuchezea watoto, wakakitia kati ya ngoma na kukifanya kilie katika arusi za uswahilini. Vijana wa singeli walitwaa vipande vya taarab, wakavikata, wakavirudiarudia na kuvikimbiza hata mapigo yakazidi 200 kwa dakika, na juu yake mwimbaji akamwaga maneno bila kuvuta pumzi. Stravinsky naye alifungua kazi yake kwa wimbo wa zamani wa Lithuania alioupindua, akampa mpiga zumari nene aupige kwa sauti ya juu isiyozoeleka. Kukata cha kale na kukiharakisha si uvivu wa kubuni. Ndiyo njia moja ya kubuni. Mwaka 1913 huo huo Mwitalia Luigi Russolo aliandika kwamba makelele ya mitambo yastahili kuwa malighafi ya muziki, akaunda visanduku vya kuyatoa. Vijana wa Temeke hawakuhitaji visanduku. Na mwaka 2017 mkusanyo wa singeli ulipotolewa kutoka Kampala, masikio ya Ulaya yaliupokea kwa mshangao wa heshima.

Swali la pili ndilo zito. Mzomeaji wa Paris alikuwa amenunua tikiti, na mlango ulikuwa nyuma yake. Arnold Schoenberg, ambaye tamasha lake la Vienna la tarehe 31 Machi 1913 lilivunjika kwa ghasia, aliuelewa mlango huo kuliko wenzake. Mwaka 1918 aliunda chama cha kupiga muziki mpya faraghani. Walioingia ni wanachama tu, makofi yalikatazwa kama kuzomea, na wahakiki wa magazeti hawakukaribishwa. Aliyesikia alikuwa ametaka kusikia.

Mtoni haina jumba kama hilo. Singeli hupigwa uchochoroni, chini ya turubai la arusi, na ukuta wa chumba cha mpangaji hauizuii. Ndani yamkini amelala muuguzi aliyetoka zamu, au mtoto mwenye mtihani asubuhi. Mtu huyu hana tikiti wala mlango. Lakini kumwambia kijana wa Mtoni atafute kwanza jumba ni kumwambia kwamba upya katika sanaa ni haki ya wenye majumba. Ubishi huu hauna pa kukimbilia.

Mababa walikuwa na jibu lao. Ngoma ya usiku ilikuwa deni: leo unakesha kwa arusi ya mwanangu, kesho nitakesha kwa yako. Uvumilivu ulilipwa kwa uvumilivu, na mwaliko ulipita nyumba kwa nyumba ili asiwepo aliyeamshwa na sherehe asiyoijua. Deni hilo ladai watu wakae mahali pamoja muda wa kutosha kulipana. Mpangaji wa miezi mitatu hukopesha usingizi wake na kuhama kabla ya kulipwa.

Tena ni haki kukumbuka kwamba spika si mali ya singeli peke yake. Baa hupiga, mahubiri ya usiku hupiga, na wengi wanaokasirikia vijana huvumilia hayo kwa sababu wameyazoea. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele hupima ukubwa wa sauti. Hazimwulizi mpigaji umri wake wala aina ya wimbo wake, na katika hilo zina uadilifu kuliko masikio ya majirani. Hata hivyo kipimo hakijui kama aliyelala alialikwa. Mwenye arusi anajua, au angeweza kujua, kama angebisha mchana katika chumba kile cha mwisho, cha mgeni aliyehamia wiki iliyopita.