Pepo za Msimu na Swali la Hiari

Jiografia hufundishwa shuleni kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni jiografia ya maumbile, ambayo huchunguza milima, mito, udongo, pepo na tabianchi, yaani wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa kipindi kirefu ambacho kwa kawaida hakipungui miaka 30. Fungu la pili ni jiografia ya binadamu, ambayo huchunguza makazi, kilimo, biashara, uhamaji na mipaka ya dola. Mgawanyo huu humfaa mwalimu anayepanga vipindi, lakini unafunika swali ambalo ni la falsafa na la dini kabla ya kuwa la jiografia, nalo ni iwapo mambo ya fungu la kwanza ndiyo yanayoyazaa yale ya fungu la pili, na kama ndivyo, mwanadamu anabakiwa na hiari gani katika matendo yake.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili swali hili mapema, ingawa hawakuanzia kwenye ramani bali kwenye kadari. Walioitwa Jabriya walishikilia kwamba mja hutendeshwa wala hatendi, na walioitwa Kadariya wakashikilia kwamba mja ndiye mwenye kutenda, na kwa hiyo ndiye mwenye kuulizwa. Mjadala huo haukuishia misikitini, kwa kuwa watawala wa Banu Umayya walilaumiwa kwamba walilipenda fundisho la kutendeshwa, maana liliifanya dhuluma yao ionekane kuwa amri ya Mungu. Na risala inayonasibishwa na mwanazuoni Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 728, inakataa katakata kumbebesha Mungu maovu ya waja. Anayesoma habari hizo kwa makini huona kwamba hoja ya ulazima, hata inapotolewa kwa unyenyekevu, mara nyingi huwa na mtu anayenufaika nayo.

Hoja hiyohiyo baadaye ilivikwa vazi la elimu ya ardhi. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuandika kitabu chake Mukadima mwaka 1377, alifuata desturi ya kuigawa dunia inayokaliwa katika kanda saba zinazofuata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini unaopimwa kwa nyuzi. Kanda za katikati, kwa maoni yake, zilipata hewa ya wastani, na kwa sababu hiyo zikapata pia elimu, ufundi na dola imara, ilhali zile za pembeni zilinyimwa hayo kwa joto au baridi iliyozidi. Inafaa kumpa haki yake, kwani alikanusha kwamba weusi wa ngozi ni laana ya kizazi cha Hamu, akaueleza kuwa ni athari ya jua. Lakini njia hiyohiyo ya kufikiri ilimfikisha kusema kwamba joto ndilo lililowafanya watu weusi wa kusini kuwa wepesi wa furaha na wa kusisimka. Mwaka 1331, yaani mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, msafiri Ibn Battuta alikuwa amefika Kilwa, mji ulio karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, akauhesabu miongoni mwa miji mizuri. Mji uliojenga msikiti mkuu kwa mawe ya matumbawe na kupiga sarafu zake wenyewe hauwezi kusemwa kuwa ni wa watu wa wepesi na furaha tu. Ibn Khaldun alizisikia habari za msafiri huyo kuhusu India, na anakiri kwamba watu walizitilia shaka. Pengine za Kilwa zingemsumbua zaidi.

Wanajiografia wa Ulaya na Marekani waliofuata, kama Friedrich Ratzel katika karne ya 19 na mwanafunzi wake Ellen Churchill Semple katika kitabu chake cha mwaka 1911, waliikuza nadharia ya ulazima wa mazingira, ambayo husema kwamba ardhi na hewa ndizo zinazoamua tabia na maendeleo ya watu. Kwa dola zilizokuwa zikitawala nchi za joto, nadharia hiyo ilikuwa na faida iliyo wazi. Ufaransa, wafuasi wa Paul Vidal de la Blache walijibu kwa nadharia ya uwezekano, ambayo husema kwamba maumbile hutoa nafasi kadhaa na watu huchagua miongoni mwazo. Jibu hilo ni bora, ila lina upungufu wake, kwa kuwa linazungumzia uchaguzi bila kuuliza ni nani aliyechagua na ni nani aliyechaguliwa.

Hakuna mahali ambapo upungufu huo unaonekana vizuri kuliko katika pepo za msimu za Bahari ya Hindi. Msingi wake wa kimaumbile ni kwamba nchi kavu hupata joto na kupoa haraka kuliko bahari, na hivyo bara la Asia linapopoa wakati wa kipupwe chake, hewa nzito hutiririka kutoka nchi kavu kwenda baharini, na ndiyo kaskazi inayovuma pwani ya Afrika Mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Bara hilo linapopata joto mkondo hugeuka, na ndiyo kusi. Kwa karne nyingi majahazi ya Omani, Hadhramaut na Gujarat yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, nguo na vyombo vya udongo, yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko, ambazo zilitumika kuezekea nyumba za Ghuba, nchi isiyo na miti ya kutosha, kiasi kwamba upana wa chumba huko ulifuata urefu wa boriti. Hapa ulazima unaonekana kushinda, kwani nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hakuwa na la kufanya ila kusubiri msimu mwingine.

Hata hivyo majahazi hayo yalibeba pia watu waliotekwa bara na kuuzwa Unguja, na biashara hiyo ilipanuka sana katika karne ya 19, wakati mashamba ya karafuu yalipohitaji mikono. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa chini ya shinikizo la Uingereza na tishio la manowari zake, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao ya hadhara. Kusi ilikuwa inavuma siku hiyo kama ilivyovuma mwaka uliotangulia, na iliendelea kuvuma mwaka uliofuata. Kama upepo ungekuwa ndio sababu ya biashara ya watumwa, kwa maana ile ambayo joto ni sababu ya maji kuchemka, mkataba usingekuwa na maana yoyote. Upepo unaeleza kwa nini jahazi liliondoka mwezi fulani na kuelekea upande fulani. Hauelezi kwa nini ndani yake mlikuwa na mtoto aliyefungwa badala ya boriti.

Kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba nia na fedha zinatosha, nalo lina mfano wake Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, mahali ambapo mvua ni haba na isiyotabirika, na ambapo udongo wenye mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta na kuzuia karanga zisichimbike. Wagogo walioishi eneo hilo walitegemea mifugo pamoja na mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na wapangaji wa mradi hawakukiona kilimo hicho kuwa ni maarifa. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Kuilaumu ardhi ya Kongwa kwa hasara hiyo ni kama kuilaumu mizani kwa uzito wa gunia.

Swali la nani alaumiwe kwa yanayotokana na maumbile lilizuka Ulaya pia. Tetemeko lililouangusha mji wa Lisbon, Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, wakati makanisa yamejaa, liliwafanya wanafalsafa wa Ulaya waulize vipi Mungu mwema aliruhusu jambo hilo. Jean-Jacques Rousseau, akimwandikia mwanafalsafa mwenzake Voltaire mwaka 1756, aliligeuza swali, akabainisha kwamba si maumbile yaliyorundika pale maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba, na kwamba wengi waliangamia kwa kurudia mali zao. Jiografia ya leo hutofautisha kitisho, yaani tukio la kimaumbile kama tetemeko au ukame, na janga, yaani madhara yanayotokea kitisho kinapowakuta watu waliowekwa, au waliojiweka, mahali pa hatari. Hoja ya Rousseau haimalizi swali la dini, kwa kuwa aliyefia ndani ya kibanda cha chini naye alikufa, na kwake jibu la ghorofa halifai kitu.

Daftari la mwanafunzi wa sekondari kwa kawaida huorodhesha sababu za kukua kwa biashara ya Unguja kwa safu moja: pepo za msimu, bandari yenye kina, udongo uliofaa karafuu, kuhamia Unguja kwa Seyyid Said mtawala wa Omani, mahitaji ya watumwa. Majibu yote hayo ni sahihi na yote hupewa alama sawa, ingawa matatu ya mwanzo hayawezi kuitwa mbele ya kadhi yeyote, na mawili ya mwisho yalikuwa na wenyewe, waliojulikana kwa majina na kwa milango ya nyumba zao.