Makamu Anadaiwa Nini: Utii au Ukweli?

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana katika uongozi mmoja hupewa kiti cha kwanza na mwingine huitwa makamu. Lakini makamu akiona mkuu wake anakosea, anadaiwa nini: utii au ukweli? Nitalijadili swali hili kwa kutazama maisha ya Hubert Humphrey, Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1965 hadi 1969.

Humphrey alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la South Dakota, mtoto wa mwenye duka la dawa. Mwaka 1948, akiwa meya wa Minneapolis, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic akakitaka kitetee haki za Wamarekani Weusi. Wakubwa wa chama walihofia mgawanyiko, na kweli baadhi ya wajumbe wa kusini walitoka ukumbini. Hata hivyo, mgombea wao, Harry Truman, alishinda uchaguzi mwaka huohuo. Mwaka 1964, akiwa seneta, Humphrey aliusimamia mswada wa haki za raia katika Seneti mpaka ukapita. Kwa hiyo hatumzungumzii mtu mwoga.

Mwezi wa Februari 1965, wiki chache baada ya kuapishwa, alimwandikia Rais Lyndon Johnson waraka wa siri. Alimshauri asiipanue vita ya Vietnam. Alieleza kwamba wananchi wasingeielewa vita hiyo, na kwamba baada ya ushindi mkubwa wa uchaguzi, huo ndio ulikuwa mwaka wenye hatari ndogo zaidi ya kisiasa kwa serikali kujitoa. Johnson alikasirika, akamweka mbali na vikao vya kujadili vita. Mwaka uliofuata Humphrey alizuru Vietnam, akarudi akiitetea vita hadharani kwa bidii. Kabla haijaisha, vita hiyo iliua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam wengi kuliko hao mara nyingi.

Je, alikosea? Wapo watakaosema hapana. Makamu akimpinga rais wake hadharani, serikali itakuwa na vichwa viwili. Tena aliyefukuzwa kikaoni hawezi kushauri. Heri avumilie, siku moja asikilizwe. Hoja hii ina uzito, na kila aliyewahi kuwa naibu wa mtu anaijua. Lakini mimi naona inachanganya mambo mawili. Kutunza siri ya kikao ni jambo moja, na kuyatetea usiyoyaamini ni jambo jingine. Mkuu ana haki ya kudai la kwanza. Hana haki ya kudai la pili. Zaidi ya hayo, makamu wa rais wa Marekani si waziri anayeweza kufutwa kazi na rais; amechaguliwa na wananchi, na kwao pia ana deni.

Mwingine atasema: huenda Humphrey alibadili mawazo kwa dhati. Inawezekana, lakini hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Mtu anayerudia maneno ya mkuu wake kila siku mwishowe huyaamini. Ulimi huufundisha moyo. Basi anayeukodisha ulimi wake asidhani kwamba moyo utabaki wake.

Lipo pingamizi jingine gumu. John C. Calhoun alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza kujiuzulu, mwaka 1832, baada ya kutofautiana na Rais Andrew Jackson. Hakukubali kuwa kivuli cha mtu. Lakini Calhoun huyohuyo aliutetea utumwa kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo kuifuata dhamiri peke yake hakutoshi, maana dhamiri nayo hupotoka. Nakubali. Lakini dhamiri iliyopotoka husahihishwa vipi, kama si kwa kuwekwa wazi ili wengine waipime? Waraka wa Humphrey ulikuwa na hoja, si hisia tu. Ulipofungiwa, wananchi walinyimwa nafasi ya kuzipima hoja hizo kabla watoto wao hawajapelekwa vitani.

Tarehe 30 Septemba 1968, akigombea urais, hatimaye Humphrey alijitenga kidogo na Johnson kwa kusema kwamba angekuwa tayari kusimamisha mabomu. Watu walianza kumrudia, lakini Richard Nixon alimshinda kwa tofauti ya chini ya asilimia moja ya kura. Baadaye alirudi Seneti, akafariki mwaka 1978. Sisemi kwamba angesema mapema angeshinda. Ukweli haupimwi kwa kura, na waliokufa vitani hawakuwa wakingoja matokeo ya uchaguzi.

Kwa kumalizia, wengi wetu tutakapohitimu hatutakuwa wakuu. Tutakuwa manaibu, makatibu na wasaidizi, na mara nyingi tutatakiwa kuyasifu tuliyoyapinga ndani ya kikao. Maoni yangu ni kwamba tunamdai mkuu nafasi ya kusikilizwa, naye anatudai kazi njema na siri. Akitaka zaidi ya hayo, tunyamaze ikiwa kunyamaza hakumdhuru mtu. Ikiwa kunadhuru, tuondoke, na tukiondoka tuseme kwa nini.