Kumtakia Mpendwa Balaa

Habari inapofika Kibaha au Kisarawe kwamba tamthilia fulani inarudi kwa msimu mpya, furaha inayozuka ni ya kweli wala haifai kudharauliwa. Kutoka Maili Moja hadi Picha ya Ndege, na ng'ambo ya vilima vya Pugu mpaka Maneromango, wapo wanaolipia kisimbuzi kabla ya kukumbuka mafuta ya taa, na wapo wasio nacho ambao saa ikifika huhamia kwa jirani, naye mwenye nyumba huwatandikia mkeka. Wanarudi kwa watu wanaowajua: mke mkubwa aliyedhulumiwa, kijana aliyeondoka kwao kwa hasira, mama mkwe asiye na dawa.

Lakini wanawatakia nini watu hao?

Msimu mpya hauwezi kuanza mpaka amani iliyopatikana mwisho wa msimu uliotangulia ivunjwe. Waliooana sharti wagombane, aliyepona augue, aliyetubu ashawishiwe upya. Basi anayeomba kuwaona tena awapendao anaomba, ajue asijue, wafikwe na taabu nyingine, naye aitazame taabu hiyo kikombe cha chai kikiwa mkononi. Je, hayo nayo huitwa mapenzi?

Swali ni kongwe. Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, aliipenda sana michezo ya jukwaani katika ujana wake huko Karthago. Baadaye, katika Maungamo yake, alijiuliza kwa nini mtu hutaka kuhuzunishwa na maafa ambayo mwenyewe asingependa yamfike. Hoja yake nzito ilihusu huruma: mwenye huruma ya kweli hupendelea asiwepo wa kuhurumiwa. Mtazamaji hakuitwa kusaidia. Ameitwa kulia tu, na asipolizwa huondoka akinung'unika.

Hoja hiyo ilipata mizani Azam TV ilipowaletea watazamaji, kwa sauti za Kiswahili na kwa jina la Sultan, tamthilia ya Kituruki Muhteşem Yüzyıl, iliyooneshwa kwao kwa misimu 4 baina ya mwaka 2011 na 2014. Sultani Suleiman alifariki mwaka 1566. Mwanawe Mustafa aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake. Tarehe hizo zimo vitabuni, na hakuna msimu ambao ungeweza kuzifuta. Hata hivyo, watazamaji walimtumainia Mustafa msimu baada ya msimu, kana kwamba hukumu yake haijaandikwa. Huko Uturuki, kipindi cha kuuawa kwake kiliporushwa Februari 2014, watu walimiminika kaburini kwake Bursa kumlilia mtu aliyekwisha kufa kwa zaidi ya miaka 460. Msomaji wa pwani hatastaajabu. Utenzi wa Seyyidina Huseni bin Ali wa Hemed Abdalla al-Buhry husikilizwa na watu wanaojua tangu mwanzo yatakayotokea Karbala, na machozi hayapungui kwa kujua huko. Aliyemtumainia Mustafa hakumtakia kamba shingoni. Alitaka haki, japo ya kuchelewa, na kwa upande huu Augustino aliona nusu ya jambo.

Nusu ya pili iko mkekani, baada ya kipindi kwisha. Katika uwanja wa nyumba ya Kisarawe, Hürrem hugombezwa kwa makosa ambayo pengine yametendwa nyumba ya tatu. Urithi wa watoto wa mama mbalimbali, mke mdogo aliyeingia kwa unyenyekevu akashika funguo, baba anayesikiliza umbea kuliko mwanawe: yote husemwa, na hakuna jirani anayetajwa jina wala kuvunjiwa heshima. Washairi wanakijua chombo hiki. Ni fumbo. Husemwa ndege, na mwenye kusemwa akajijua. Balaa hutwishwa asiyeumia, ili anayeumia apate wa kumsemea pasipo fedheha. Huenda basi anayeshangilia msimu mpya hashangilii taabu ya mtu. Anashangilia kurudishiwa fumbo lake.

Ila fumbo nalo lina sharti: lifumbuke. Ipo tamthilia inayorudishwa kwa sababu tu matangazo ya sabuni bado yanalipiwa. Humo aliyezikwa hurudi kwa sura ya pacha ambaye hakuwahi kutajwa, na dhuluma ya msimu wa 2 haikumbukwi na yeyote katika msimu wa 4, hata aliyedhulumiwa. Mkeka hauna la kuhukumu hapo. Watu hucheka, wakaenda kulala. Ukatili uko huku hasa, wala hauko katika Mustafa kunyongwa: watu wanateswa upya, na mateso yao hayawi sababu ya chochote.

Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa mwaka 2012 na ambayo visa vyake ni vya Bagamoyo, katika mkoa uleule wa Pwani, iliishia msimu wa 2. Wapo wanaouliza hadi leo alipo Cheche, yule kijana mpiga picha. Hajaitwa. Hakuna aliyemwandikia ugomvi mpya wa kumtoa studioni mwake, na mtu wa Kibaha anayemkumbuka, akifika Bagamoyo kwa shughuli zake, huitazama milango ya Mji Mkongwe kana kwamba mmojawapo ni wa kwake.